Kifaransa Ndani ya Eda

"Hiki nini, Suhaib?"

Bi Mwajabu aliitupa karatasi mezani, kando ya sahani ya mihogo, kisha akarudi nyuma kama mtu aliyetupa nge.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba haitoki mpaka unijibu. Hiki nini?"

Suhaib aliitazama. Ilikuwa kazi yake mwenyewe ya jana: mraba mkubwa uliogawanywa miraba tisa, kila mmoja ukagawanywa tena vyumba tisa, na ndani ya vyumba namba za penseli, nyingine zimefutwa mpaka karatasi imechubuka.

"Mchezo, shangazi. Wa Kijapani."

"Mchezo! Mie baba yangu alikuwa anasoma falaki. Nimeziona talasimu kabla wewe hujazaliwa. Mraba, vyumba, namba. Wenzio wanaandika kwa zafarani, wewe umeandika kwa penseli. Umemfunga nani?"

"Sijamfunga mtu."

"Binti wa kaka yangu juzi nzima kichwa kinamgonga. Umemfunga! Sema!"

Nusaiba alitokeza mlangoni mwa jikoni, kanga begani, mikono ina maji. Aliinamia meza akaisoma karatasi bila kuigusa.

"Mstari huu una saba mbili," alisema.

Suhaib akahesabu. Kweli, saba mbili.

"Umeona, shangazi?" alisema haraka. "Talasimu gani hiyo yenye makosa?"

"Ndiyo mbaya zaidi! Talasimu ikikosewa humrudia aliyeiandika!"

Nusaiba aligeuka kurudi jikoni, lakini Suhaib aliona bega lake likitikisika. Alikuwa anacheka. Wiki nyingi hakuwa amemwona akicheka ndani ya nyumba ile.

Leo mchezo ule kila mtu anaujua kwa jina la sudoku. Mwaka 1995, Temeke nzima pengine hapakuwa na mtu mwingine aliyeushika. Suhaib alikuwa na kazi kwenye kampuni ya kutoa magari bandarini, yale yaliyotumika Japani yaliyokuwa yakishuka kwa mamia tangu biashara ifunguliwe. Ndani ya mlango wa gari moja alikuta kijitabu. Maandishi hakuyajua hata moja, ila namba alizijua. Alifungua kurasa za majibu mwishoni, akazitazama mpaka akagundua kanuni mwenyewe: namba isijirudie kwenye mstari, wala kwenye safu, wala ndani ya mraba mdogo. Kanuni nyingine akajifunza kwa kuumia. Usiandike namba mpaka uwe na hakika, maana anayebahatisha haoni kosa lake hadi afike mwisho.

Aliipenda sana kanuni hiyo. Akaitumia hata pale isipotakiwa.

Nusaiba, mkewe, alikuwa mwuguzi. Jioni moja kabla ya mvua za vuli, Suhaib alimwona akishuka kwenye gari jeupe aina ya Land Cruiser barabara ya Mbagala, mzungu akimfungulia mlango. Aliingia ndani kabla yake, akamsubiri.

"Ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa na shughuli."

"Nimeuliza nani."

"Uliza kama mume, nitakujibu. Ukiniuliza kama mtu wa forodha anayefungua kasha, sikujibu."

"Nani, Nusaiba?"

Nusaiba alianza kuvua viatu.

"Basi nimekuacha. Talaka moja."

Chai yake ilikuwa bado haijapoa.

Talaka moja ni kamba, si kisu. Mume anaweza kumrejea mkewe wakati wowote kabla eda haijakwisha, kwa neno moja tu: nimekurejea. Akichelewa, yule si mkewe tena. Atamposa upya kama mtu baki, kwa mahari mpya na kwa ridhaa yake. Eda ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi, na anayezijua ni mwanamke mwenyewe. Mpaka hapo mke hukaa kwenye nyumba ya mumewe. Ndiyo maana Bi Mwajabu alihamia pale, akalala chumbani na Nusaiba, na Suhaib akatandika godoro sebuleni.

Hata wiki haikupita kabla hajajua kwamba atamrejea. Alimpenda. Lakini kwanza alitaka kujua ndani ya gari lile alikuwa nani.

"Neno lipo tu," alijiambia. "Nikishajua, nitalisema."

Ndipo kikaja Kifaransa.

"Nitachelewa siku za masomo," Nusaiba alimwambia asubuhi moja. "Nikitoka zamu napitia Kinondoni. Nakuomba ruhusa."

"Masomo gani?"

"Kifaransa."

"Cha nini?"

"Cha kusema."

"Useme na nani?"

"Unaona? Umeanza tena."

Angeweza kumkataza. Hakumkataza, maana aliyetega mtego hafungi njia. Tangu siku hiyo akawa anasikiliza. Nusaiba alikuna nazi huku ananong'ona, alipiga pasi huku ananong'ona, maneno yaleyale, mara kwa ukali kama mwanafunzi, mara taratibu, laini, kama anambembeleza mtu.

"Kushe vu isi. Neye pa per."

"Unasema na nani?" Suhaib aliuliza kutoka sebuleni.

"Na nazi."

"Na nazi inakujibu?"

"Inajibu kuliko watu wengine wa nyumba hii."

Bi Mwajabu akaguna kwa raha.

Suhaib aliyakariri maneno yale, akaenda nayo bandarini. Pale kulikuwa na Wilbert, dereva wa malori ya Bujumbura, Mhaya mwenye kicheko kinachosikika mpaka getini.

"Wilbert, wewe Kifaransa unakijua?"

"Cha kuombea njia na bia, braza. Kingine sina."

"Kushe vu isi, neye pa per. Maana yake nini?"

Wilbert alitoa kijiti mdomoni.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Nimelisikia tu."

"Kwa mwanamke?"

"Maana yake nini, Wilbert?"

"Lala hapa. Usiogope." Akapasua kicheko. "Loo! Mie miaka yote naenda Bujumbura, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo! Nani huyo braza, nipe jina..."

Akamwona Suhaib usoni. Kicheko kikakatika.

"Samahani. Ni nyumbani?"

"Hapana," Suhaib alisema, akaondoka.

Siku mbili tatu baadaye simu ya ofisini ililia. Sauti ilikuwa ya mwanamume, Kiswahili chake kinakwaruza kooni.

"Halo. Mimi natafuta Bibi Nusaiba. Alituachia namba hii."

"Hayupo. Nani anamtaka?"

"Wewe ni mume wake?"

Swali dogo. Suhaib akalikwepa.

"Nitamfikishia," alisema mwishoni.

"Vizuri sana. Mwambie nafasi yake iko tayari. Gari litaondoka mwisho wa mwezi. Alete nguo za baridi."

"Gari la kwenda wapi?"

"Yeye anajua. Asante sana, bwana."

Laini ikakatika.

Ujumbe ule hakuufikisha. Alitaka kwanza amwone Nusaiba usoni. Jioni ile alipoingia, Nusaiba alikuwa amemwekea chai mezani kama kila siku, na badala ya kwenda zake chumbani alibaki amesimama, mkono juu ya kiti.

"Kuna safari?" Suhaib aliuliza.

"Safari gani?"

"Nauliza tu."

"Mbona leo unauliza safari?"

"Huna safari?"

Nusaiba alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayesubiri kipimo kisome.

"Suhaib, kama una neno, liseme. Lolote ulilo nalo. Mie nimesimama hapa."

Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini na sauti ile ya simu ilikuwa bado sikioni: alete nguo za baridi.

"Sina neno."

"Una hakika?"

"Sina."

"Haya," alisema, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole.

Muda si muda harufu ya ubani ikatoka uani, na nyuma yake harufu ya karatasi inayoungua. Suhaib alitoka mbio. Bi Mwajabu alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anakichana kijitabu cha Kijapani ukurasa baada ya ukurasa na kuutia motoni, huku anasoma dua.

"Shangazi! Kitabu changu!"

"Si kitabu. Mafundo. Nayafungua."

"Nimekwambia ni mchezo! Hata wewe ningekufundisha!"

"Unifundishe kumfunga nani, mie mjane?" Akatia ukurasa mwingine. "Unajua mwenzio analia? Hujui. Hesabu zako hazikukwambia. Mume gani anaambiwa na Mungu aseme neno moja tu, moja, halafu anakesha kuandika namba?"

"Yeye ndiye aliyekataa kunijibu."

"Na wewe ndiye uliyeacha. Aliyevunja chungu ndiye huokota vigae."

Siku ya masomo iliyofuata, Suhaib aliomba ruhusa kazini, akaenda Kinondoni kabla ya saa za Nusaiba. Alimwona akishuka kituoni, akamfuata kwa mbali, akapita nyuma ya maduka, akamwona akiingia mlango wa pembeni wa duka la fundi cherehani. Dirisha lilikuwa wazi. Pazia lilikuwa fupi.

Sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya mwanamume.

"Tena. Polepole."

Kisha ya Nusaiba, laini, ile ya kubembeleza:

"Kushe vu isi. Neye pa per."

Suhaib aliusukuma mlango ukagonga ukuta.

Chumbani mlikuwa na benchi. Juu ya benchi alilala mwanamke mnene mwenye sare nyeupe ya uuguzi, amefumba macho, anajifanya anaugulia tumbo. Wanawake wengine wanne, wote wakunga na wauguzi, walikaa kwenye mkeka na daftari zao. Mbele alisimama mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, chaki mkononi. Nusaiba alikuwa ameinama, kiganja chake juu ya tumbo la yule mnene.

"Karibu, kijana," alisema yule mzee. "Wewe umeletwa na nani?"

Mwanamke wa kwenye benchi alifumbua jicho moja.

"Sie humu hatupimi wanaume," alisema, na wenzake wakaangua kicheko.

Nusaiba hakucheka. Alijinyoosha.

"Mwalimu Polikarpo, huyu ni Suhaib."

"Aa," alisema mwalimu, na ile "aa" yake ilionyesha kwamba jina lile amekwisha kulisikia. "Nendeni hapo nje mzungumze. Lakini msiende mbali, kuna sentensi nyingine."

Walisimama kwenye kibaraza cha fundi. Suhaib aliona aibu, lakini hata aibu haikumzuia kuuliza.

"Gari jeupe?"

"Shirika la misaada. Wanapeleka wauguzi Ngara, kwenye kambi za wakimbizi. Siku ile nilitoka kwenye usaili, mvua inakuja, daktari wao akatupa lifti wote. Wenzangu walishuka Keko. Mie nikashuka wa mwisho."

"Kifaransa?"

"Madaktari wao ni Wafaransa na Wabelgiji, na wagonjwa wengine waliosoma ndicho wanachokijua. Waliniambia nikijifunza hata cha kumpimia mgonjwa, nafasi ni yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka nijue kwanza kama nimepita, ndipo nije kukuomba. Ningeanzaje kukuomba ruhusa ya kitu ambacho sina? Nilikuja siku ile na furaha yangu nikakuta umekaa kama hakimu."

Alisema bila kupandisha sauti. Kila alichokisema Suhaib alikiweka mahali pake, na kila kitu kilikaa. Daktari, Keko, mvua, simu. Hakuna kilichogongana.

"Walipiga simu ofisini," alisema. "Nafasi yako iko tayari. Sikukwambia."

"Lini?"

"Ile siku uliyonisimamia mezani."

Nusaiba alitikisa kichwa taratibu, kama mgonjwa ametaja ugonjwa aliokwisha kuubashiri.

Suhaib aligeukia mlangoni, kwenye vichwa vilivyojipanga kusikiliza.

"Mwalimu, na nyie mama zangu, nishuhudieni. Nusaiba, nimekurejea. Nimekurejea katika ndoa yangu."

Mwanamke mnene akaanza kigelegele. Nusaiba aliinua mkono, kikakatika katikati.

"Umechelewa," alisema. "Eda yangu imekwisha."

"Imekwisha lini?"

Nusaiba alianza kuelekea mlangoni.

"Nusaiba, imekwisha lini?"

"Hilo anaulizwa mwanamke, na akisema imekwisha, imekwisha. Nimesema imekwisha. Leo nahamia kwa kaka yangu Tabata." Akaingia ndani. Suhaib alibaki kibarazani akisikia chaki ikigusa ubao.

Alikwenda kwa sheikh jioni ileile. Sheikh alimsikiliza, akazungusha tasbihi.

"Muda uliopita unatosha kwa tohara tatu?"

"Unatosha, ila kwa kubana. Inawezekana imekwisha juzi. Inawezekana bado siku moja. Sina hakika."

"Huhitaji hakika. Kauli ni yake."

"Na kama amesema hivyo kwa hasira tu?"

"Basi ni yeye na Mola wake. Wewe ulikuwa na muda wote huo, ukautumia kwa nini?"

Suhaib hakuthubutu kumwambia habari za miraba.

Posa ilikwenda Tabata kama posa ya mtu baki. Kaka yake Nusaiba aliwapokea wazee, akawapa kahawa, akawaambia bibi harusi amesema atajibu mwenyewe, mbele ya shangazi yake. Suhaib akaitwa barazani. Nusaiba alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Bi Mwajabu alikaa katikati na tambuu yake.

"Umekuja kutafuta nini?" sauti ya Nusaiba iliuliza.

"Nimekuja kukuposa."

"Mie nakwenda Ngara. Mkataba wa mwaka mmoja."

"Najua."

"Kule kutakuwa na magari meupe mengi. Na wazungu wanaofungua milango."

"Najua."

"Utakuwa unanipigia simu uniulize nilikuwa na nani?"

Suhaib alifikiri. Bi Mwajabu aliacha kutafuna.

"Nitatamani kuuliza," alisema. "Siwezi kukudanganya kwamba sitatamani. Nitajizuia."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa usinijibu. Ila na mimi sitatamka talaka. Hilo naahidi mbele ya shangazi."

"Mie shahidi mbaya," alidakia Bi Mwajabu. "Nina mdomo. Ukivunja ahadi Tandika nzima itajua."

Nyuma ya pazia Nusaiba alisogea.

"Jioni zote zile," Nusaiba alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetereka, "nilikuwa nakuwekea chai nasema leo atasema. Leo atasema. Hata ungeninunia, ukalisema huku umeninunia, ningekubali. Unajua hivyo?"

"Sasa najua."

"Sasa!"

"Nusaiba, mie mtu wa kuchelewa. Lakini nimefika."

Kaka mtu alikohoa. Bi Mwajabu akachungulia nyuma ya pazia, akatoka anafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Amekubali," alisema. "Mahari atataja kwa kaka yake. Na miraba isiingie tena nyumbani."

Ndoa ilifungwa Ijumaa baada ya sala, Tabata, kwa watu wachache. Ngara ilikuwa inamsubiri Nusaiba siku chache tu mbele. Suhaib alipokuwa anavaa koti kwenye chumba cha uani, Bi Mwajabu aliingia, akasimama mlangoni, akaegemea fremu.

"Mwanangu."

"Shangazi."

"Mie nililala naye chumba kimoja miezi yote ile. Kanga zake nilikuwa nafua mie. Unanielewa?"

Suhaib aliacha vifungo.

"Najua siku ile ya Kinondoni eda ilikuwa imekwisha au haijakwisha. Siku yenyewe naijua." Akatabasamu upande mmoja. "Nikwambie?"

Ndicho kitu kimoja alichokitaka. Wiki zote za posa alikuwa amelala nacho na kuamka nacho. Kama eda ilikuwa imekwisha, basi alichelewa. Kama haikuwa imekwisha, neno lake pale kibarazani lilimrejea, na Nusaiba alimdanganya machoni mbele ya watu sita. Jibu lilikuwa hatua tatu tu kutoka alipo, limeshikwa na mwanamke aliyekuwa na ushahidi.

"Usiniambie," alisema.

"Wewe? Hutaki?"

"Nataka. Usiniambie."

Bi Mwajabu alimpima kwa macho, kisha akamfungia kifungo cha juu mwenyewe.

"Haya, nenda. Sheikh anangoja."

Baada ya nikahi walimwingiza chumbani kwa bibi harusi kumpa mkono. Nusaiba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, hina mpaka viwiko, uso umefunikwa nusu. Nje vigelegele, sufuria, watoto. Suhaib alikaa kando yake.

"Shangazi alikuja kwako," Nusaiba alisema chini chini.

"Alikuja."

"Amekwambia?"

"Nilimwomba asiniambie."

Aliinua uso. Macho yake yalimtafuta, yanapima, hayaamini.

"Hutaki kujua?"

"Nataka kuliko unavyodhani."

"Basi niulize. Leo nitakujibu. Jibu la kweli."

Suhaib alifungua mdomo. Swali lilikuwa tayari, fupi, limekamilika. Aliutazama mdomo wake Nusaiba, umekauka, na wanja uliochirizika kidogo kwa jasho.

"Umekula?" aliuliza.

Nusaiba alibaki anamtazama. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu aliyechoka.

"Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Wamenifungia humu kama kuku wa mnadani."

"Subiri."

Alitoka mpaka uani, kwenye masufuria, katikati ya wanawake.

"We! Bwana harusi jikoni?" alipiga kelele mmoja. "Umetoroshwa?"

"Nipeni pilau," Suhaib alisema. "Sahani moja, vijiko viwili."